Kununua Gari Lililotumika: Kinga ya Mlaji Ipo Kabla ya Malipo

Katika nyanda za juu za Ufipa, ununuzi wa magari hufuata mavuno. Mahindi na maharage yakishauzwa, mapato ya mwaka mzima huwa mkononi, na Noah au Canter iliyotumika huonekana kuwa mwanzo wa biashara. Ununuzi wa pupa waweza kuipotezea familia akiba yake pamoja na fedha ya mbolea ya msimu ujao. Sheria inamlinda mlaji, lakini kudai haki baada ya kulipa huchukua muda na gharama. Kwa hiyo tunamshauri mnunuzi afuate hatua nne zifuatazo, kwa mpangilio wake.

1. Anza na nyaraka

Usifungue boneti kabla ya kuona kadi halisi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Nakala haitoshi, kwa kuwa kadi halisi huenda imewekwa dhamana kwa mkopeshaji. Linganisha namba ya usajili, ya chesisi na ya injini zilizo kwenye kadi na zile zilizo kwenye gari. Namba ya chesisi iliyokwanguliwa au kuchomelewa upya ni sababu tosha ya kuondoka.

Jina la muuzaji lilingane na kadi pamoja na kitambulisho chake. Anayeuza kwa niaba ya mwingine aoneshe idhini ya maandishi, nawe uzungumze na mwenye gari mwenyewe. Iwapo mwenye gari amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si ndugu yeyote. Hakiki pia katika mfumo wa Jeshi la Polisi kama gari linadaiwa faini za barabarani, maana deni huandikwa kwa namba ya gari.

Mkoa wa Rukwa unapakana na Zambia, na Tunduma, mlango wa magari yaendayo Zambia na Kongo kutoka bandari ya Dar es Salaam, haiko mbali. Magari hayo, maarufu kwa jina la "IT", hayajalipiwa ushuru wa forodha kwa sababu hayakukusudiwa kubaki nchini. Likiuzwa hapa bila kulipiwa, gari la namna hiyo laweza kukamatwa hata likiwa mikononi mwa mnunuzi asiyejua lolote. Bei iliyo chini mno mara nyingi huwa na maelezo yake hapo.

2. Kagua gari kwa mazingira ya Ufipa

Nenda na fundi uliyemchagua mwenyewe, asiwe wa muuzaji wala wa dalali. Fika injini ikiwa baridi, kwa sababu gari lililokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka.

Sumbawanga ipo takriban meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na taabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu yake kwa kila meta 1,000, hivyo gari kuwa zito kidogo mlimani si lazima liwe bovu. Hata hivyo, usikubali mwinuko utumike kuwa kisingizio cha kila kasoro. Moshi wa bluu huashiria injini inayokula oili. Moshi mweupe mzito usiokoma injini ikishapata moto huashiria maji yanayoingia kwenye silinda. Katika mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo rejeta inayovuja au kifuniko chake kilicholegea ni hatari zaidi kuliko pwani.

Fundi akiridhika na breki, lijaribu gari mlimani na kwenye mteremko. Atakayelitumia kushuka bonde la Ziwa Rukwa kuelekea Muze anahitaji breki zinazostahimili mteremko mrefu. Usitegemee kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi peke yake, kwani huweza kurudishwa nyuma. Pedali na usukani vilivyolika sana havilingani na kilomita chache.

3. Piga hesabu ya gharama yote

Tuchukue mfano. Gari la kwanza linauzwa shilingi milioni 12, nalo liko tayari kwa kazi. La pili linauzwa milioni 10, lakini linahitaji tairi nne za shilingi 900,000, klachi ya 700,000 na matengenezo ya injini ya 1,200,000. Gari la "bei nafuu" limefikia milioni 12.8 kabla ya kubeba gunia moja. Ongeza bima, ada za uhamisho na bei ya vipuri, kisha ndipo ujadiliane bei.

4. Lipa kwa maandishi, kisha hamisha umiliki

Andikeni mkataba unaotaja namba za gari, bei, kasoro zinazojulikana na kila ahadi ya muuzaji. Kama amesema injini haijawahi kufunguliwa, iandikwe hivyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa hudai ubora unaofaa kwa muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, lakini mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuigundua. Ukaguzi wa juu juu waweza, basi, kukudhuru.

Lipa kupitia benki, na bakiza sehemu ya malipo hadi maombi ya kuhamisha umiliki yafikishwe TRA. Usitoe arubuni bila masharti ya kurejeshewa kuandikwa. Kukabidhiwa ufunguo hakutoshi: kadi ikibaki kwa jina la muuzaji, wadai wake wanaweza kuligusa gari uliyelilipia.

Ukidanganywa

Tunza mkataba, stakabadhi na ujumbe wote wa simu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Madai ya mkataba hupelekwa mahakamani. Ukishuku wizi au kughushi, toa taarifa polisi mara moja, wala usijaribu kumuuzia mwingine gari hilo ili kuokoa fedha yako.