Usingizi hautoki mu kidonge

Saa nane ya usiku, mu commune ya Katuba, Lubumbashi. Kura imerudi. Mama anaamuka kupiga pasi nguo za shule, watoto wanatia simu ku kura. Baba, yeye, angali macho tangu saa tatu. Kesho ni kazi. Afanye nini? Wengi wanajibu: kidonge.

Kidonge kinasaidia siku chache. Kisha mwili unakizoea: kimoja hakitoshi tena, mutu anameza viwili. Muzee anaamuka na kizunguzungu, anaanguka, anavunjika mufupa. Ndiyo sababu mu 2016 chama cha waganga cha Marekani, American College of Physicians, kilishauri hivi: mutu mukubwa mwenye kukosa usingizi muda murefu aanze na kubadilisha mazoea yake, mbele ya dawa.

Mazoea gani? La kwanza, kuamuka saa ileile kila siku, hata siku ya mungu, hata kama ulilala vibaya. Toka inje, upate mwanga wa asubui. Ule mwanga ndio unaambia mwili kwamba muchana umeanza.

La pili, usipiganie usingizi mu kitanda. Ukiona kama dakika 20 zimepita bure, ondoka. Ikaa ku kiti, taa kidogo, bila simu, na urudi wakati macho yanakuwa mazito. Bila hivyo, kitanda kinageuka fasi ya mawazo. Richard Bootzin, mwalimu wa saikolojia, alionyesha njia hii mu 1972. Kama nyumba ni chumba kimoja tu, hata kiti pembeni ya kitanda kinatosha.

La tatu, angalia kile unachokunywa. Kahawa ya saa kumi ya muchana, karibu nusu ya nguvu yake ingali mu damu saa tatu ya usiku. Pombe nayo inalalisha upesi, lakini inavunja usingizi katikati ya usiku.

Na mawazo ya feza za masomo ao za nyumba? Yaandike ku karatasi mangaribi, pamoja na kile utafanya kesho. Na juu ya kura ya usiku, mupange zamu: leo mama, kesho baba, kesho kutwa kijana mukubwa. Si kila siku mutu mumoja.

Njia hii inaomba wiki kadhaa, na siku za kwanza ni nguvu. Mwenye kumeza vidonge tangu zamani asiviache gafula: munganga atamupunguzishia pole pole. Vilevile, mwenye kukoroma na kukatika pumzi, ao mwenye huzuni isiyoisha, aende kumuona munganga.

Wengine wote, kesho asubui muanze na lile la kwanza: kuamuka ku saa yenu.