Damu ya Tumboni na Watoto Wenye Selimundu

Wazazi wengi wa hapa Kilwa Kivinje wanaufahamu ugonjwa wa selimundu, ambao wengine huuita sikoseli. Mtoto huzaliwa mzima. Afikapo miezi sita hivi, vidole vinavimba, macho yanageuka manjano, analia usiku kucha. Hapo maneno huanza: karogwa, au mama yake ana mkosi. Si kweli. Mtoto amerithi hitilafu kwa baba na kwa mama, na huenda wazazi hao hawaumwi kitu.

Lakini kwa nini miezi sita? Mtoto aliye tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, isiyo na hitilafu hiyo. Akishazaliwa, mwili huizima polepole na kuanza kutengeneza ile ya wakubwa. Kwa wagonjwa wachache haizimiki yote, nao huumwa kidogo kuliko wenzao. Basi wataalamu wakajiuliza: kinachoizima ni nini?

Jibu halikupatikana kwa mgonjwa mmoja. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000, na tofauti kati ya mtu na mtu ni nyingi mno. Mvuvi mmoja akijaza ngalawa siku moja, huenda ni bahati tu. Wavuvi wa Kivinje, wa Kilwa Masoko na wa Lindi wakijaza wote kwenye maji ya namna moja, hapo pana jambo. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2007 uchunguzi wa mapacha wa Uingereza ulionyesha jeni iitwayo BCL11A. Mwaka 2008 wakazi wa kisiwa cha Sardinia, Italia, walionyesha hiyo hiyo, na maabara ya Marekani ikathibitisha kwamba jeni hiyo ikipunguzwa nguvu, himoglobini ya tumboni huongezeka. Mwaka 2014 yakatoka matokeo ya wagonjwa 1,213 wa Tanzania waliochunguzwa kupitia Muhimbili: jeni ni ile ile. Sisi tunaona hilo si dogo, maana takwimu nyingi za urithi duniani ni za Wazungu, na ugonjwa huu hasa ni wa kwetu.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayoidhoofisha jeni hiyo ndani ya uboho wa mgonjwa mwenyewe. Bei yake huko Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, basi tusidanganyane.

Iliyo karibu zaidi nasi ni haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayopandisha himoglobini ile ile ya tumboni. Hutolewa na daktari, na damu ya mtoto hupimwa mara kwa mara. Mzazi aiulizie kwa jina. Na mtoto mwenye selimundu akishikwa na homa usiku, msingoje kupambazuke: apelekwe hospitali usiku huo huo, hata kama dawa ya maumivu imemtuliza.