Darubini ya Kununua Ukiishi Chini ya Mulika Mwizi

Mwenye duka atakuuliza unataka kuona mbali kiasi gani. Usimjibu. Galaksi ya Andromeda iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, na mahali penye giza la kweli huonekana kwa macho matupu. Mkazi wa Nairobi anayetaka kutazama nyota ana swali lingine la kujiuliza kabla hajatoa pesa mfukoni: kitu ninachokitaka kinamezwa na taa za mji, au hakimezwi?

Mwezi haumezwi. Mshtarii na miezi yake minne mikubwa, Zohali na pete zake, Zuhura, Mirihi, nyota pacha kama Rigil Kentaurus, kishada cha Kilimia: hivi vyote utavitazama kutoka juu ya fleti Umoja au Kasarani, hata mlingoti wa taa za mulika mwizi ukiwa mtaa wa pili. Vinavyomezwa ni galaksi, nebula nyingi na Njia Nyeupe, ule ukanda wa mabilioni ya nyota unaokatiza anga. Mwanga wa taa hugonga vumbi na mvuke hewani, anga lenyewe likang'aa, na kila kilicho hafifu kikapotea humo. Darubini kubwa hukusanya mwanga wa nebula na mwanga wa mji kwa pamoja, kwa hiyo ukubwa pekee hautakuokoa.

Watazamaji wa nyota hupima giza kwa mizani aliyoichapisha Mmarekani John Bortle mwaka 2001, yenye daraja 1 hadi 9. Katikati ya jiji ni kama 8. Ukisogea pembezoni, tuseme Ngong au Rongai ndani, unaweza kupata 5 au 6. Hapo ndipo wengi wetu tunaishi: si giza, si mchana.

Cha kwanza cha kununua, kwa maoni yangu, ni darubini ya macho mawili, ile wanayoivaa shingoni watalii mbugani. Tafuta iliyoandikwa 10x50. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Mboni ya jicho lako ikifunguka gizani hufika kama milimita 7, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 hukusanya mwanga mara 50 hivi zaidi. Madukani Marekani zile za heshima huanzia dola 40 hadi 100. Kwa kiwango cha kama shilingi 129 kwa dola, hiyo ni kati ya shilingi 5,000 na 13,000, kabla ya usafirishaji na VAT ya asilimia 16. Muulize wakala wa forodha gharama yote kabla hujaagiza, maana ada za bandarini hazimo katika bei unayoiona kwenye simu.

Ukinunua ya mitumba, ijaribu mchana, nje ya duka. Ielekeze kwenye mlingoti wa simu ulio mbali, uangalie kwa dakika nzima. Ukiona milingoti miwili, au macho yakaanza kuuma, vioo vimepinda ndani, na kuvirekebisha kutakugharimu kuliko ulichookoa. Kisha igeuze, mulika tochi kupitia lenzi ya mbele: nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu haifutwi kwa kitambaa. Zenye lenzi nyekundu kama damu, na zile zinazodai kukuza "10 hadi 100", ziache hapo hapo mezani.

Sasa tuje kwenye lile sanduku lenye picha ya Zohali yenye rangi za harusi, limeandikwa "525x". Ndani mna darubini ya milimita 70 juu ya stendi ya miguu mitatu inayotikisika ukipumua. Kanuni ya wenye kazi ni kwamba darubini hukuza vizuri hadi kama mara mbili ya kipenyo chake cha milimita, yaani hii mwisho wake ni 140. Zaidi ya hapo ni ukungu mkubwa badala ya ukungu mdogo.

Baadhi ya masanduku haya yana kasoro nyingine ambayo muuzaji wa Ulaya hana sababu ya kuitaja. Yanakuja na stendi iliyoundwa kufuata mzunguko wa dunia, ambayo mhimili wake lazima uelekee kwenye ncha ya anga. London ncha hiyo iko juu sana, karibu na Nyota ya Kaskazini. Nairobi iko digrii 1.3 tu kusini mwa ikweta: ncha ya kusini imelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya fleti za jirani, na Nyota ya Kaskazini haichomozi. Stendi nyingi za bei nafuu haziwezi kulazwa kiasi hicho. Utakuwa umelipia chuma kizito kisichokufaa.

Ukiwa na pesa ya darubini kamili, chukua ya kioo ya kuweka mezani, kipenyo cha milimita 130. Sky-Watcher wanayo moja inayojulikana, Heritage 130P, ya dola 250 hivi au zaidi kidogo. Uzito wake ni kama kilo 6, nayo hukunjwa ikawa fupi. Hilo si jambo dogo. Ndugu yake mkubwa wa milimita 150, yule asiyekunjwa, ana bomba la karibu mita 1.2 na uzito unaopita kilo 15. Kwenye karatasi ndiye bora, lakini mpandishe ghorofa ya tano lifti imekufa, pinda naye chini ya kamba za nguo, halafu keateka aje kukwambia anafunga mlango wa juu saa tatu. Ile ndogo unaiweka juu ya msingi wa tangi la maji, unaanza kazi. Kukuza zaidi hufifisha mng'ao wa anga huku nyota zikibaki nukta, kwa hiyo mjini vishada hupendeza. Jioni za Aprili na Mei mawingu yakiachana, Omega Centauri, ambayo kwa darubini ya macho mawili ni doa tu, huanza kuonekana punje punje.

Siku hizi kuna darubini zisizo na pa kuchungulia. Seestar S50 ya kampuni ya ZWO, ambayo imekuwa ikiuzwa kama dola 500, hupiga picha fupi fupi, huzijumlisha, huuondoa mng'ao wa mji kwa hesabu na kukuletea nebula kwenye simu. Kwa nebula na galaksi kutoka mjini, hakuna kinachoishinda kwa bei hiyo. Lakini Zohali ndani yake ni tone. Na mtoto aliyekuja kuona nyota ataishia kutazama skrini, kitu alicho nacho tayari nyumbani.

Halafu kuna vichujio vinavyouzwa kwa jina la kuondoa mwanga wa mji. Taa za zamani za sodiamu zilitoa mwanga wa njano katika wigo mwembamba, kichujio kikauzuia. Taa nyeupe za LED zinazochukua nafasi yake humwaga rangi zote, na kichujio hakiwezi kuzuia zote bila kuzuia nyota pia. Kichujio kizuri cha nebula bado kitasaidia kidogo kwenye Nebula ya Jabari, ila kwa sayari na galaksi hakifanyi lolote. Kinauzwa dola 50, pengine zaidi: shilingi 6,450.

Linganisha na petroli. Magadi ni kama kilomita 110 kutoka Nairobi. Kwenda na kurudi kwa gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita ni lita 18 na kitu. Lita ikiwa shilingi 180, hiyo ni 3,300. Mkiwa wanne, ni 825 kila mtu. Bei ya kichujio kimoja inakaribia safari mbili za gari zima, na huko Njia Nyeupe haihitaji chombo. Tena Juni hadi Agosti, wakati kitovu chake kiko juu jioni, Nairobi hufunikwa na mawingu ya baridi, ilhali bondeni kukavu. Ukiona Magadi ni mbali, Olorgesailie iko njiani na ina mahali pa kupiga hema. Nendeni mwezi mwandamo ukiwa siku zake za mwisho au za kwanza.

Basi mwenye shilingi 15,000 anunue 10x50 na petroli. Mwenye 45,000, kabla ya usafirishaji na VAT, aongeze ile ya milimita 130. Lile sanduku la "525x" lisikupotezee hata nauli.

Na jambo moja la usalama. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, na Afrika Mashariki tutaliona likiwa limemegwa sehemu. Baadhi ya masanduku rahisi huja na kioo kidogo cheusi cha kufunga pale unapoweka jicho, kimeandikwa cha kutazamia jua. Joto hukipasua ghafla na jicho likaungua papo hapo. Kichujio salama hufunika mdomo wa mbele wa darubini wote. Hicho kidogo kitupe siku hiyo hiyo uliyofungua sanduku.