Sheria ya Luteni Osvaldo Albarati

Sheria ya Luteni Osvaldo Albarati ya Kujilinda kwa Askari Magereza ni sheria ya Marekani ya mwaka 2018 kuhusu utunzaji wa silaha za moto za askari wa magereza ya shirikisho. Ilipitishwa kama sehemu ya Sheria ya Hatua ya Kwanza, iliyosainiwa na Rais Donald Trump tarehe 21 Desemba 2018.

Chanzo

Osvaldo Albarati alikuwa luteni katika gereza la mahabusu la Guaynabo, Puerto Rico. Kazi yake ilikuwa pamoja na kuchunguza vitu vya magendo, kama simu za mkononi, vilivyoingizwa gerezani. Tarehe 26 Februari 2013 alipigwa risasi na kuuawa akiendesha gari kurudi nyumbani kutoka kazini. Mahakama ilithibitisha kuwa wauaji walikodiwa ili kulipiza kisasi kwa sababu ya uchunguzi wake.

Tangu mwaka 2004, sheria nyingine ya Marekani ilikuwa imewaruhusu askari wenye sifa kubeba bastola iliyofichwa wakiwa nje ya kazi. Lakini askari magereza asiye na mahali pa kuiweka afikapo kazini alilazimika kuiacha nyumbani, na hivyo kusafiri bila silaha kwenda na kurudi.

Masharti

Kila mkuu wa gereza la shirikisho anatakiwa kufanya moja kati ya mambo mawili:
- kutenga mahali salama pa kuhifadhia silaha, nje ya uzio wa usalama wa gereza, au
- kuwaruhusu askari kuhifadhi silaha katika kisanduku cha kufuli ndani ya gari, cha aina iliyoidhinishwa na mkurugenzi wa Idara ya Magereza.

Pia anatakiwa kuwaruhusu kubeba silaha iliyofichwa katika eneo la gereza lililo nje ya uzio huo. Bunduki za rashasha na viwambo vya kuzuia sauti havihusiki.

Mpaka wa ruhusa

Ruhusa hiyo inaishia kwenye uzio. Kwa kawaida askari wanaohudumia wafungwa ndani hawabebi bunduki, kwa kuwa wafungwa ni wengi kuliko wao na wanaweza kuwanyang'anya. Silaha huwa kwa walinzi wa minarani na wa doria ya nje. Kumpatia mfungwa silaha ya moto kumebaki kosa lenye adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 10.