Dagaa, Jirani wa Jua

Dagaa ni samaki anayeliwa pamoja na chakula chake. Sangara hupasuliwa na kutolewa minofu. Sato hukwanguliwa magamba na kutumbuliwa. Dagaa huingia sufuriani mzima: kichwa, macho, mifupa, na tumbo lenye mlo aliokuwa akiumeza usiku ule alipovuliwa. Wapo wapishi wanaokaa na ungo wakawachambua mmoja mmoja, wakitoa kichwa na utumbo kwa sababu ya uchungu. Kabla hujautupa utumbo huo, jua una nini ndani, maana hapo ndipo ilipokatikia safari iliyoanzia kwenye jua.

Namzungumzia dagaa wa Ziwa Victoria, anayeitwa omena Kenya na mukene Uganda. Wanasayansi humwita Rastrineobola argentea, na hilo neno la pili ni la Kilatini lenye maana ya fedha, kwa mng'ao wa ubavu wake. Asichanganywe na dagaa wa Kigoma, ambaye jirani zetu wa Burundi humwita ndagala. Yule wa Ziwa Tanganyika ni ndugu wa sadini wa baharini. Huyu wa Victoria ni wa ukoo mwingine kabisa, ingawa sokoni wote wawili hupimwa kwa kisado kilekile.

Adhuhuri isiyo na wingu, kila mita moja ya mraba ya uso wa ziwa hupokea mwanga wenye nguvu ya karibu wati 1,000, kiasi cha kuendesha pasi ya umeme. Ziwa lenyewe lina kilomita za mraba 68,800 hivi. Ni nishati nyingi ajabu, lakini sehemu yake kubwa hurudishwa angani, au huyapasha maji joto na kuyageuza mvuke. Kinachonaswa na viumbe ni chini ya asilimia moja, na wanaokinasa ni mwani mdogo sana unaoelea majini, mdogo kiasi kwamba jicho haliuoni ila kama rangi ya kijani. Kwa usanisinuru, mwani huo huunganisha maji na hewa ya kaboni na kutengeneza sukari, na humo ndani ya sukari mwanga huhifadhiwa kama akiba. Hakuna njia nyingine ya maana ya nishati kuingia ziwani. Sangara wa kilo mia, mamba, fisi maji na mvuvi mwenyewe, wote wanaishi kwa akiba ya mwani.

Mwani huliwa na planktoni wanyama, vijidudu wa ukoo wa uduvi wanaorukaruka majini, wengi wao wakubwa kama chembe ya chumvi. Hao ndio waliomo tumboni mwa dagaa. Ukiuhesabu mnyororo, basi, mwani ni ngazi ya kwanza, planktoni ya pili, dagaa ya tatu. Kwa samaki anayeliwa na mamilioni ya watu, hapo ni karibu sana na jua.

Ukaribu huo una thamani gani? Aliyelijibu swali hilo kwa tarakimu alikuwa kijana wa Marekani, Raymond Lindeman. Kwa miaka mitano alichunguza kijiziwa kimoja chenye matope katika jimbo la Minnesota, Cedar Bog Lake, akisaidiwa na mkewe Eleanor. Alipima mimea, vijidudu, wadudu na samaki, kisha akafanya jambo ambalo wenzake hawakuwa wamelizoea: badala ya kuorodhesha nani anamla nani, akaviweka vyote katika kipimo kimoja cha nishati na kuuliza ni kiasi gani kinapita kutoka ngazi moja kwenda nyingine. Wahakiki wa jarida la Ecology waliikataa makala yake mwanzoni, wakiona ni nadharia nyingi mno kwa takwimu chache. Mwalimu wake wa Yale, G. Evelyn Hutchinson, akaitetea mpaka ikakubaliwa. Ilichapishwa mwaka 1942, lakini Lindeman hakuiona. Alifariki Juni mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 26. Elimu ya mtiririko wa nishati tunayofundishwa leo katika ekolojia imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya makala ile.

Waliofuata nyayo zake walipata kanuni ambayo kila aliyekaa kanisani ataielewa upesi: kila ngazi humpa aliye juu yake fungu la kumi. Yale mafungu tisa mengine hayafiki. Si sheria iliyochongwa kwenye jiwe. Mahali pengine ni asilimia 5, pengine 20, lakini fungu la kumi ni kadirio zuri.

Mafungu tisa huenda wapi? Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Planktoni hula mwani siku nzima, na karibu chote alichokula hukitumia kwa kuishi: kuruka, kupumua, kutafuta mlo, kukwepa dagaa. Nishati hiyo huishia kuwa joto, na joto likishapotelea majini halirudi tena kuwa sukari. Sehemu nyingine haisagiki tumboni na hutoka kama kinyesi. Sehemu nyingine haiguswi na mtu: kiumbe hufa kwa uzee au ugonjwa, akazama, bakteria wakamwozesha. Bakteria nao hurudisha majini naitrojeni na fosforasi, na mwani huzichukua tena. Virutubisho huzunguka ziwani kama noti sokoni, zikapita mikononi mara elfu. Nishati haizunguki. Huingia mara moja, hupungua kila inapopokewa, na hutoka. Jua likikosa kuwaka, ziwa lote litaishi kwa akiba kidogo kisha lizime.

Sasa tumweke sangara juu ya dagaa. Kwa kukadiria tu, mwani kilo 1,000 huzaa planktoni kilo 100. Planktoni hao huzaa dagaa kilo 10. Dagaa hao huzaa sangara kilo moja. Anayenunua kilo ya sangara ameshika mkononi kilo kumi za dagaa ambazo tisa kati yake zimekwisha kupotea njiani. Tena sangara hatulii kwenye ngazi ya nne. Akiwa mdogo hula planktoni, akikua hula uduvi na samaki, na akishakuwa mkubwa huwameza hata watoto wa ukoo wake. Sangara mkubwa aliyekula sangara mdogo aliyekula dagaa yuko ngazi ya tano. Ndiyo maana wakubwa hao ni wachache: hakuna uchoyo wala bahati mbaya ndani yake, ni hesabu.

Sangara si mwenyeji wa Victoria. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila upande. Furu, samaki wadogo wa aina mamia ambao hawakuwa wakipatikana popote pengine duniani, walipukutika. Aina nyingi hazijaonekana tena. Kwangu hilo ni msiba ambao Afrika Mashariki haijaulilia inavyostahili. Baadhi ya furu walioliwa walikuwa wanakula planktoni, na chakula chao kikabaki bila mwenyewe. Dagaa ndiye aliyekirithi. Yeye huzaa kabla ya kutimiza mwaka na huishi muda mfupi, kwa hiyo alimudu kuzaliana kuliko sangara alivyomudu kumla. Leo, kwa uzito, yeye ndiye anayeongoza miongoni mwa samaki wote wanaovuliwa ziwani humo.

Mabadiliko hayo hata ndege aliyahisi. Yuko mdiria mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji, mbawa zikipiga papo hapo, kabla ya kujitupa kama jiwe. Kusimama hewani hivyo ni kazi ghali, na mdiria, tofauti na samaki, lazima pia aupashe mwili wake joto usiku na mchana. Furu walipoadimika katika Ghuba ya Mwanza alihamia kwa dagaa. Dagaa ni mdogo kuliko furu, na kwa kuwa mahitaji ya mwili wa ndege hayakupungua, ilibidi avue samaki wengi zaidi kila siku ili kushiba.

Kuna jambo moja linalochafua hesabu hii nzuri. Mbolea, udongo na maji taka vinavyotiririka kutoka mashambani na mijini vimelirutubisha ziwa kupita kiasi. Katika ghuba za Mwanza na Winam maji huwa ya kijani kibichi, na mtu angedhani chakula kimeongezeka. Lakini kijani kingi hicho ni bakteria wa rangi ya samawati-kijani wanaojifunga kwenye nyuzi na mabonge, na wengine wana sumu. Planktoni wengi hawawezi kuwameza. Fungu la kumi halipiti. Bakteria hao hufa wakazama, na kuoza kwao hula oksijeni ya maji ya chini mpaka samaki wakakimbia. Ziwa huwa na njaa katikati ya wingi.

Mchana dagaa hukaa chini, karibu na kina chenye giza. Usiku hupanda juu, wakati ambapo viluwiluwi vya visubi navyo hupanda kwenda kugeuka wadudu wenye mbawa. Umewahi kuona nguzo za moshi mweusi zikisimama juu ya ziwa bila moto? Ni visubi hao, mamilioni kwa mamilioni, nishati ya ziwa ikihamia nchi kavu kwenda kulisha mbayuwayu na buibui. Dagaa huwawahi kabla hawajaruka. Mvuvi naye humwahi dagaa: hutoka usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi hushindana na taa yake. Zamani ilikuwa karabai yenye kunguruma. Siku hizi wengi hutumia taa za betri, na nyingine huchajiwa kwa sola. Mwanga huwavuta planktoni na wadudu, hao humvuta dagaa, na wavu hupanda kutoka chini.

Asubuhi mwaloni, mitumbwi ikishatia nanga, jua hufanya kazi yake ya pili kwa samaki yuleyule. Dagaa hutandazwa mchangani, juu ya miamba au kwenye vichanja vya wavu, na siku moja ya jua kali yatosha kumkausha. Kutoka soko la Kirumba, Mwanza, magunia yake husafiri hadi Kongo, Rwanda na Burundi, kwa sababu protini iliyokauka haihitaji barafu wala umeme.

Sehemu kubwa, hata hivyo, haifiki sahani ya mtu. Husagwa kuwa chakula cha kuku. Sisemi kuku asile. Mayai ni chakula bora, na mfugaji anatafuta riziki. Ila kuku naye ni ngazi, tena ngazi yenye damu ya moto, na sehemu kubwa ya dagaa anayepewa huishia kuwa joto chini ya manyoya yake. Dagaa yule, mfupa wake ukiwa na kalisi tele, angeweza kwenda moja kwa moja kwenye uji wa mtoto. Ningependa aende huko kwanza.

Na kuna fungu ambalo halimfikii mtu wala kuku. Msimu wa masika, mvua ya alasiri moja ikiwakuta dagaa mchangani, huanza kunuka kabla ya magharibi, na nzi na bakteria huchukua yote kumi. Wanawake wanaokausha wanalijua hilo kuliko mwanasayansi yeyote. Kwenye mialo yenye vichanja utawaona wakigeuza samaki kwa mikono, jicho likirudi kila mara upande wa ziwa, na pembeni ya kila kichanja turubai limekunjwa, tayari.