Saratani ya puru: Je, matundu madogo yanatosha?

Mzazi akigundulika na saratani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, familia hujiuliza: upasuaji wa matundu madogo utaiondoa yote?

Utafiti wa COLOR II, uliofanyika katika nchi 8 kwa wagonjwa 1,044, uliulinganisha na ule wa kufungua tumbo. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa baada ya miaka 3, saratani ilirudi sehemu ileile kwa asilimia 5 katika kila kundi. Wa matundu walipoteza damu kidogo, ingawa upasuaji ulichukua muda mrefu zaidi. Uvimbe uliovamia viungo jirani haukuhusishwa.

Muulizeni daktari uzoefu wake. Na mzazi akiona damu chooni, msiseme ni bawasiri tu. Apimwe.