Gauni la mahafali: Vipimo kwanza, picha ya simu baadaye

MSIMU wa mahafali ya kidato cha nne unapokaribia, mafundi cherehani wa Mwandiga, kama wenzao wa Kigoma Mjini na Ujiji, huwa na kazi nyingi kuliko muda. Wasichana huwafuata wakiwa na kitenge mkononi na picha katika simu, na ombi lao huwa moja: washonewe gauni kama lile la pichani.

Ombi hilo ndilo chanzo cha magauni mengi yanayovaliwa siku moja kwa mateso na kisha kufungiwa sandukuni. Picha humwonyesha mwanamitindo aliyesimama wima mbele ya taa. Haionyeshi kama anaweza kuketi kwa saa tatu, kula pilau, kupanda daladala au kucheza muziki.

Kwa familia nyingi gauni hilo si jambo dogo. Linanunuliwa wakati ambapo mzazi bado ana michango ya mahafali ya kutoa, na mwanafunzi ana mtihani wa taifa mbele yake, ambao Baraza la Mitihani la Tanzania huuendesha mwezi Novemba. Gauni likiharibika, mara nyingi hakuna fedha ya kushona la pili.

Hasara nyingine haihesabiki kwa shilingi. Binti anayeshinda akivuta gauni chini na kuficha mgongo kwa mtandio huishia kuamini kuwa mwili wake ndio wenye kasoro, kumbe kasoro ni ya mshono.

Jua kwanza shughuli yenyewe

Nchini Marekani wanafunzi wa mwaka wa mwisho huwa na dansi rasmi ya usiku, na wasichana wengi hununua gauni refu kwa ajili ya usiku huo mmoja. Mahafali ya Tanzania ni shughuli ya namna nyingine. Sehemu kubwa hufanyika mchana: wahitimu huingia kwa maandamano wakicheza, huketi kusikiliza risala na hotuba ya mgeni rasmi, huitwa mmoja mmoja kupokea vyeti, na kisha hupokewa na ndugu kwa zawadi na mashada ya maua. Muziki na sherehe ya nyumbani hufuata baadaye.

Kwa hiyo swali la kwanza si mtindo gani unapendeza, bali shule imeruhusu nini. Shule nyingi huwataka wahitimu wavae sare hadi vyeti vitakapotolewa. Nyingine huruhusu wasichana wote washone kitenge cha aina moja, na nyingine huweka masharti ya urefu na mikono. Anayeshona kabla ya kuuliza hujikuta na gauni ambalo mwalimu wa zamu hatalipitisha getini.

Swali la pili ni saa na hali ya hewa. Mahafali ya kidato cha nne hufanyika katika miezi inayotangulia mtihani, ambayo kwa Kigoma ni mwisho wa kiangazi. Joto huwa kali, vumbi jekundu bado lipo, na mvua za kwanza huweza kuanza Oktoba. Gauni linaloburuza chini litafagia vumbi au matope kabla mwenye nalo hajafika ukumbini.

Swali la tatu ni usafiri. Anayetoka Mwandiga kwenda ukumbi ulioko Kigoma Mjini kwa bodaboda anahitaji sketi inayomruhusu kuketi salama, isiyopepea karibu na magurudumu. Gauni refu na pana linawezekana ikiwa kuna gari. Kama halipo, urefu wa chini kidogo ya goti au wa kati ya goti na kifundo cha mguu una manufaa zaidi.

Kitambaa: kitenge, satini au lesi?

Mkazi wa Kigoma ana bahati katika jambo la kitenge. Mji uko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ukitazamana na Kongo, na Mwandiga ndipo inapoanzia barabara ya kwenda Manyovu, mpakani mwa Burundi. Vitenge kutoka ng'ambo ya ziwa vimekuwa sehemu ya biashara ya mkoa huu kwa miaka mingi.

Kitenge cha waksi chenyewe kina historia ndefu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiholanzi waliiga kwa mashine batiki za kisiwa cha Java, na bidhaa hiyo ikapata soko kubwa Afrika. Kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa mjini Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, bado huchapa vitambaa hivyo. Nchini Tanzania kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichozinduliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilivizoesha vizazi kadhaa kuvaa vitenge na khanga vya nyumbani. Leo sehemu kubwa ya vitenge vya bei nafuu hutoka China.

Kwa mvaaji, jambo la kuangalia ni nyuzi. Pamba hunyonya jasho na kupitisha hewa. Poliesta hung'aa na haikunjiki ovyo, lakini hushikilia joto na unyevu mwilini. Vitambaa hivi viwili huweza kufanana kabisa dukani.

Njia rahisi ya kuvitambua ni kuchomoa uzi mmoja pembeni na kuuchoma kwa kiberiti, mbali na kitambaa. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wa poliesta huyeyuka na kuacha donge dogo gumu. Aidha, kitenge halisi cha waksi huwa na rangi inayokaribia kulingana pande zote mbili, ilhali kilichochapwa upande mmoja hufifia nyuma.

Satini nyingi zinazouzwa madukani ni za poliesta. Zinapendeza usiku, lakini mchana huonyesha kila tone la jasho, hasa za rangi ya kijivu na samawati nyepesi. Anayeipenda satini anaweza kuitumia sehemu ndogo, kama mkanda wa kiunoni au ukingo wa shingo. Lesi nayo inahitaji bitana. Bitana ya pamba nyepesi huifanya ivalike, na bitana ya nailoni huifanya iwashe.

Kitenge cha waksi huuzwa kwa kawaida yadi 6 au 12. Yadi 6 ni karibu mita 5 na nusu. Gauni la kawaida linaloishia magotini halimalizi kitambaa hicho, hivyo ndugu wawili wanaweza kugawana, au mama akapata blauzi. Kabla ya kukatwa, kitenge cha pamba kilowekwe, kianikwe na kupigwa pasi. Pamba hurudi inapofuliwa mara ya kwanza, na ni afadhali irudi ikiwa kitambaa kuliko ikiwa gauni.

Gauni lifuate mwili

Kitenge na satini havivutiki. Ndiyo maana fundi mzuri hashoni kwa kipimo kamili cha mwili, bali huongeza nafasi ya kupumua, kwa kawaida inchi 2 hadi 3 kifuani na kidogo kiunoni. Msichana anayemsihi fundi apunguze nafasi hiyo ili gauni libane hununua maumivu yake mwenyewe.

Vipimo vya lazima ni kifua, kiuno, nyonga, upana wa mabega, mzunguko wa kwapa na mkono, urefu kutoka begani hadi kiunoni, na urefu kutoka kiunoni hadi pindo. Nyonga zipimwe mara mbili, mtu akiwa amesimama na akiwa ameketi, kwa kuwa hupanuka anapokaa. Urefu upimwe akiwa amevaa viatu vya siku hiyo, na kifua akiwa na sidiria atakayoitumia. Kubadilisha kimoja kati ya hivyo siku ya mwisho ni kubadilisha gauni zima.

Kuhusu umbo, hakuna mwili usiofaa gauni. Yapo tu mambo ambayo macho huyafuata, na mshonaji anaweza kuyaelekeza.

Gauni linalokaa vizuri kifuani na kiunoni kisha kupanuka taratibu kuelekea chini huwafaa wengi, wanene kwa wembamba, kwa sababu halibani nyonga na linaruhusu hatua ndefu. Mwenye nyonga pana na mabega membamba anaweza kuweka urembo juu, kama mikono yenye marinda, na kuacha sketi iwe sahili. Mwenye mabega mapana anaweza kufanya kinyume chake.

Msichana mfupi hupendeza zaidi katika michoro midogo na mstari wa kiuno uliopandishwa kidogo. Mrefu na mwembamba anaweza kubeba michoro mikubwa na marinda mengi. Mwenye kifua kikubwa ahitaji mabega yenye upana wa kutosha kuficha mikanda ya sidiria, na mikunjo midogo iliyoshonwa kifuani ili kitambaa kizunguke mwili badala ya kukatiza juu yake.

Michoro mikubwa ya kitenge inahitaji uangalifu. Ua moja kubwa likiangukia katikati ya kifua au juu ya makalio, macho yote yatakwenda hapo. Fundi aombwe kutandaza kitambaa na kuonyesha ua litakapoangukia kabla ya kutia mkasi.

Shingo ya gauni nayo ifikiriwe pamoja na mashada. Ndugu watano wakimvisha mhitimu mashada ya maua ya plastiki, shingo iliyotiwa shanga za gharama haitaonekana tena, na ngozi iliyo wazi itakwaruzwa. Shingo ya duara au ya V isiyo na makorokoro inatosha.

Kwa wasichana wanaovaa hijabu, ambao ni wengi Ujiji na maeneo ya jirani, mikono mirefu haina budi kuwa mateso. Mkono uwe mpana kuanzia kwapani, kitambaa kiwe pamba, na mtandio uwe wa rangi moja iliyochukuliwa katika kitenge chenyewe. Nguo ya ndani ya mikono mirefu chini ya gauni lisilo na mikono huongeza tabaka na joto, hivyo ni bora mikono ishonwe pamoja na gauni.

Jaribio la dakika kumi

Siku ya kujaribu, kioo peke yake hakitoshi. Mvaaji aketi kwenye kiti kigumu, ainame kuokota kitu, anyanyue mikono yote juu ya kichwa, apande ngazi na acheze wimbo mmoja mzima. Gauni likipanda juu ya mapaja, zipu ikivutika au kwapa likibana, fundi bado ana nafasi ya kurekebisha.

Nafasi hiyo huwepo tu ikiwa ndani ya mishono kumeachwa kitambaa cha ziada, walau inchi moja kila upande. Msichana wa miaka 16 au 17 bado anakua, na akiba hiyo ndiyo itakayomwezesha kulivaa gauni mwakani.

Kalenda nayo ina uzito wake. Kitambaa kinunuliwe mwezi mmoja kabla ya shughuli, vipimo vichukuliwe wiki tatu kabla, jaribio lifanyike wiki moja kabla, na gauni lichukuliwe siku tatu kabla. Anayepeleka kitenge Jumatano kwa mahafali ya Jumamosi atasikia "njoo kesho" hadi asubuhi ya Jumamosi. Zaidi ya hayo, wiki hizo ni za kusoma, si za kushinda kibarazani kwa fundi.

Mitumba na hesabu ya gharama

Si lazima gauni lishonwe. Tangu biashara ya mitumba iliporuhusiwa katikati ya miaka ya 1980, magauni ya sherehe kutoka Ulaya na Marekani yamekuwa yakifika hadi masoko ya Kigoma, na baadhi yake hayakuvaliwa zaidi ya mara moja huko yalikotoka. Anayechagua mtumba alikague juani, aangalie kwapa, zipu na pindo, na achukue kubwa kidogo kuliko mwili wake. Kupunguza gauni ni kazi ya saa chache. Kulipanua mara nyingi hakuwezekani.

Hesabu ya gharama ihusishe kila kitu: kitambaa, bitana, zipu, ufundi, shimizi na viatu. Skuna ndefu ambazo mhitimu hajawahi kuzitembelea zitamfanya avue viatu katikati ya sherehe. Viatu vya kisigino kifupi na kipana, vilivyovaliwa nyumbani kwa siku kadhaa, humaliza shughuli pamoja na mwenye navyo.

Baada ya hesabu hiyo, mzazi na binti wajiulize gauni litavaliwa wapi tena. Kitenge kilichoshonwa kwa kiasi hufaa Idi, Krismasi, harusi ya dada na siku ya kuripoti chuoni. Gauni ghali kidogo litakalovaliwa mara kumi ni nafuu kuliko la bei ndogo litakalovaliwa mara moja.

Picha ya simu si adui katika safari hii. Inamsaidia fundi kuelewa aina ya shingo au mkono unaotakiwa. Lakini ipelekwe baada ya sheria za shule kujulikana, kitambaa kuchaguliwa na vipimo kuandikwa. Fundi ataichukua sehemu inayomfaa mvaaji na kuiacha iliyobaki, na mhitimu atakapoitwa jina lake ataweza kutembea hadi mbele, akapokea cheti kwa mikono miwili, bila kuhitaji mmoja wa kushikia gauni.